Kioo Bila Antena

Kindu, Kasuku, tarehe 2 mwezi wa tisa 1984

Shemeki Kyakimwa, bibi ya mudogo wangu Michel,

Yote walikuambia juu ya kufa kwa televizio yangu ni uongo. Wote wanaielezea mubaya. Dereva Valère wa kamyo, lile lori la Bukavu, anatembea akisema niliipiga teke kwa hasira. Uongo. Mama Adolphine wa kuimba kanisani anasema niliiangukia juu nikiwa nimekunywa lotoko. Uongo mara mbili, sababu siku ile lotoko ilikuwa imekwisha, na yeye njo aliimaliza.

Mimi nilikuwa pale. Sikiliza.

Unajua ile mashini ya mchezo Muzungu wa karakana ya treni aliniachia wakati anarudi kwao. Vijiti viwili na kampira kamoja keupe, unazungusha kifundo, kijiti kinapanda, kinashuka, kampira kasipite. Mimi na Waziri, mwenzangu wa kazi ya treni, tunacheza ile kitu ku kioo cha televizio miaka tano. Mimi nimeshinda mara makumi tisa na tisa. Yeye vilevile makumi tisa na tisa. (Yeye anaiba, lakini tuache.) Tuliapa: mwenye kufikisha mia njo mwanaume, mwingine atamuita Baba mpaka kaburi.

Sasa tangu mwaka jana walisimamisha ule mulingoti wa kupokea picha hapa Kindu, nyumba yangu haiko yangu tena. Kuran, njo umeme, inakuja saa kumi na mbili jioni, inakwenda saa mbili. Na saa zilezile njo habari, njo ngoma za Chama, njo mupira. Watu wanaingia hata hodi hakuna. Siku ile walikuwa makumi ine na tatu na mbuzi moja. Shefu wa kartye, mukubwa wa mtaa wetu, ameshika waya ya antena, mimi nimeshika waya ya mashini, na tundu ya televizio ni moja tu. Yeye anavuta, mimi navuta. Televizio yenyewe ikachoka na siye wote wawili, ikaruka chini. Ilipasuka kama bunduki. Mbuzi ilikimbia, hatujaiona mpaka leo.

Njo hivi: Waziri anaondoka. Binti yake Hélène anakuja kumuchukua, akaishi naye kule Kalima. Kamyo ni tarehe 3 ya mwezi wa kumi na moja. Mbele ya ile siku lazima tucheze mara moja ya mwisho, siye wawili, bila mutu kutupumulia ku shingo. Unauza vyombo vya umeme kule Bukavu, shemeki. Usinitumie televizio. Nitumie ile kitu wanaita moniteri. Si ule moniteri wa kufundisha watoto ku masomo, nasema kile kioo cha ofisi, kisichokuwa na antena. Hakuna antena, hakuna habari. Hakuna habari, hakuna watu. Umeona akili?

Mudogo wangu umulishe vizuri. Anaanza kufanana na mwiko.

Mimi, Okito, mupaka-mafuta mukubwa wa treni zote za Maniema


Bukavu, tarehe 11/9/1984

Sitwayen Okito, shemeki ya maneno mingi,

Barua nimesoma, Michel amecheka mpaka akamwaga chai. Anasema mbuzi ulimuongeza wewe.

Sasa tuongee kazi. Ninauza hivi vyombo miaka munane. Moniteri ni kioo kizuri, picha yake inakaa wima, haitetemeki, batu ba ofisi njo banakitaka. Lakini hakina antena, na kama hakina antena hakina tundu ya antena. Mashini yako inaingia wapi? Wewe mwenyewe umeniandikia: waya ya mashini na waya ya antena bilikuwa binagombania tundu moja! Nakuomba kitu kimoja tu. Chukua ile waya, angalia mudomo yake. Kama ni nene kama kidole kidogo, na kasindano katikati, hiyo ni ya televizio na hakuna maneno ingine.

Chukua televizio. Ninayo ya sentimeta makumi tatu na sita, nyeusi na nyeupe. Kwa bijiti biwili na mupira moja, rangi unataka za nini?

Na batu, shemeki, batu unabaambia tu: leo hapana. Siye huku tunasema hivyo na hakuna mutu alishakufa.

Angalia waya.

Kyakimwa


Kindu, tarehe 17 mwezi wa tisa 1984

Shemeki,

Unaniambia niangalie waya. Mimi! Mimi niliyesikiliza pumuzi ya lokomotivu gizani, nikajua ni bolti gani imelegea! Siku moja kule Kibombo mashini ilizimika, injinia wa Ulaya alitafuta asubuhi mpaka jua kichwani, mimi nikaweka sikio ku mulango wa moto nikamwambia: «Ngurumo ya kushoto imepata mafua.» Ikawa kweli. Na wewe, mutu wa kuzaliwa mu vitunguu vya Butembo, unanifundisha waya.

Sitaangalia.

Na ile ya kuambia watu «leo hapana», naona kweli hujakaa Kindu sana. Hapa televizio ni kama moto wa jirani. Mutu akija kuomba kaa la moto, utamwambia nini? Utamwambia moto wangu ni wa kuangalia peke yangu? Mwezi wa sita nilijaribu. Nilifunga mulango, nikasema ninaumwa tumbo. Walileta dawa ya tumbo watu kumi na sita, wote saa kumi na mbili kamili, na kila mumoja na kiti chake. Shefu wa kartye alinishika kipaji cha uso, akasema: «Pole sana, mzee. Washa tu, itakusahaulisha.» Na wakakaa. Waziri anacheka mu kona. Ile usiku nilikunywa dawa aina saba.

Basi dawa ya ile ugonjwa ni moja: kioo ambacho hata wakitaka, hakiwezi. Sitasema hapana mimi. Kioo njo kitasema hapana.

Tuma moniteri. Na usiniandikie tena habari ya tundu, mimi si panya.

Okito


Bukavu, 26/9/1984

Shemeki,

Nimemupa Valère moniteri, ameifunga mu blanketi tatu. Bei uliyosikia kwa Michel njo bei. Usilalamike. Narudilia: usilalamike.

Kyakimwa


Kindu, tarehe 15 mwezi wa kumi 1984

Kyakimwa!

Shemeki gani anafanyia mutu hivi?

Kamyo ilitumia siku kumi na saba. Valère anasema daraja. Mimi nasema ni yule mwanamuke wake wa Kalima. Tuache. Tulifungua blanketi mbele ya watu, sababu huku hata blanketi hufungui peke yako. Ah, kioo kizuri! Kinang'aa kama sahani ya padri. Waziri akasema: «Leo unaniita Baba.» Nikashika waya ya mashini. Nikazunguka nyuma ya kile kioo. Nikatafuta. Nikapiga magoti. Nikaweka miwani, nikatoa miwani. Shemeki, hakuna tundu! Kuko katundu kamoja tu, kadogo kama kitovu cha kuku, na mudomo ya waya yangu ni nene kama kidole kidogo, na kasindano katikati.

Ulijua!

Ulijua na ukanyamaza. Wewe ulipashwa kuniandikia na wino nyekundu, ulipashwa kupanda ndege unipige kofi. Mutu mukubwa akikataa kuangalia waya, si unaangalia wewe kwa mahali pake?

Waziri alicheka mpaka kikohozi kikamushika, ilibidi tumukalishe chini, tumupe maji.

Na unajua mubaya zaidi ni nini? Watu walikuja. Saa kumi na mbili kamili. Walikaa mbele ya moniteri iliyozimwa. Nikawaambia: «Hii haioneshi kitu!» Wakasema: «Haizuru, mzee, tumezoea kukaa.» Shefu wa kartye alizunguka kile kioo mara mbili, akaniuliza: «Okito, televizio bila antena. Hutaki kusikia habari? Unaficha nini?» Nilitoka jasho mpaka ku visigino. Keshoyake aliniita ku ofisi yake, niende nieleze. Nilieleza saa mbili. Alielewa ni kioo cha kucheza. Akanipa pole, akasema: «Basi ununue ya kweli, sababu siye tunateseka.»

Siye!

Nimebakiza siku kumi na munane. Tuma televizio. Hata ya nyeusi na nyeupe. Hata ya bluu.

Okito


Bukavu, 22/10/1984

Shemeki,

Barua yako Michel alisoma kwa sauti mu duka, bakiriya bote banakusalimia. Mimi nilikuambia mara mbili. Sitasema mara ya tatu, sababu iko mutu hapa kando ananishika mukono nisiandike.

Televizio inakuja na ndege ya kubeba mizigo, itakufikia pamoja na barua hii. Ni ile ya sentimeta makumi tatu na sita. Tundu iko nyuma, juu, upande wa kuume. Nimeizungushia rangi nyekundu kwa mukono wangu. Moniteri urudishe na Valère, notaire mumoja hapa, mutu wa kuandika hati, anaitaka.

Kitu ingine. Hélène, binti ya Waziri, alipita hapa juma lililopita kununua godoro la baba yake. Alikaa, tukazungumuza. Shemeki, Waziri hakuambii kila kitu. Hélène hamupeleki Kalima kwa kumupenda tu. Ni kwa sababu ya kifua, kule iko hospitali na masista banamujua. Alisema baba yake amemukataza kukuambia, ati utamuonea huruma na utamuachia ashinde. Sasa mimi nakuambia, na sijui kama nimefanya vizuri. Michel anasema nimefanya vizuri.

Mucheze haraka.

Kyakimwa


Kindu, tarehe 30 mwezi wa kumi 1984

Shemeki yangu wa zahabu,

Televizio imefika, tundu nimeiona, hata kipofu angeiona. Picha ni nzuri. Najua kama ni nzuri sababu watu makumi tatu waliniambia jana, walipokuwa wanaangalia mupira. Nusu saa, shemeki! Ilitoka ku uwanja wa ndege saa kumi na moja na nusu, saa kumi na mbili walikuwa wamekaa. Waziri na mimi tulikosa hata viti.

Kamyo ni juma hii, siku ya posho, njo tarehe 3.

Lakini Okito hakulala. Okito aliwaza. Nikajiuliza: ni nyumba gani hapa Kindu televizio haiwaki, na hakuna mutu anaomba? Jibu: nyumba ya matanga! Kwenye kilio hata radio wanafunika kitambaa. Basi leo asubuhi nimetoka ku baraza, nimeweka mikono ku kichwa, nimepiga yowe moja, ile ya zamani. Nimefisha mutu. Binamu yangu Octave, mubeba-mizigo wa Kampene. Usimutafute mu ukoo, hajawahi kuzaliwa. Nilimuchagua hivyo ili isimuumize mutu.

Sasa kitambaa iko juu ya televizio. Watasema pole, watarudi kwao. Kesho saa kumi na mbili nafunga mulango, natoa kitambaa, siye wawili na kampira ketu.

Wewe hata na masomo yako hungewaza hii.

Okito

(Ile ya Waziri nimesoma.)


Kindu, tarehe 31 mwezi wa kumi 1984

Kyakimwa,

Sijangoja jibu lako. Nateseka.

Nilisahau kitu kimoja. Televizio inaleta watu makumi ine. Matanga inaleta kartye tatu.

Wako hapa. Wako ku baraza, mu chumba, mu uwanja, hata juu ya magunia ya muchele wangu. Walikuja na mikeka, na kuni, na masufuria. Hawarudi kwao, shemeki! Wanalala hapa! Televizio walikuwa wanakwenda saa mbili, hawa hawaendi. Mama Adolphine ameleta kundi lake lote la kuimba, na iko na nguvu ya kifua kama filimbi ya treni. Wanakula. Octave angekuwa muzima asingekula hivi.

Na mubaya zaidi: wanamukumbuka. Mzee mumoja alisema Octave alimusaidia kutengeneza pikipiki mwaka wa sabini na tano. Mwanamuke mwingine analia pekee yake mu kona, anakataa kusema kwa nini. Jana jioni Adolphine alisema: «Alikuwa mupole, yule Octave. Si kama wewe.»

Na Waziri. Alikuja wa kwanza. Amekaa kando yangu siku mbili mu baridi ya uwanja, ameshika mukono wangu. Anakohoa, nikimwambia ingia ndani anasema: «Siwezi kukuacha peke yako na maiti yako.» Tulifanya kazi pamoja miaka makumi tatu na hatujawahi kushikana mukono. Mukono wake umekuwa mwepesi, shemeki. Sikujua.

Televizio iko mbali na siye hatua nne, chini ya kitambaa. Tunaiangalia.

Okito


UJUMBE KWA FONI YA REDIO, Bukavu kwenda Kindu, 1/11/1984

KWA SITWAYEN OKITO, KASUKU. POLE ZINAFIKA HAPA KWETU PIA. MICHEL ANAULIZA OCTAVE NI NANI. HAMUJUI LAKINI ANALIA. AMBIA BATU UKWELI. KYAKIMWA


Kindu, tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1984

Shemeki Kyakimwa,

Foni yako ilisomwa na yule wa foni mbele ya watu wote, kwa sauti kubwa. Lakini hapo ilikuwa imekwisha kuharibika. Nikueleze kwa laini yake.

Siku ya ine ya matanga, unajua, mwenye kilio anasimama anaeleza kifo. Mutu alikufa namna gani, wapi, nani alileta habari. Nilisimama. Na mimi, ukinipa watu wenye kunyamaza, siwezi kujizuia. Nilimuangusha Octave mu shimo la madini kule Kampene. Nikamuinua, nikamuangusha tena. Nilimupa maneno ya mwisho. Nilieleza mpaka mimi mwenyewe machozi yakanitoka, machozi ya kweli, na shefu wa kartye alipangusa macho na kofia yake.

Halafu Waziri alisimama. Ilimuchukua muda kusimama. Akasema: «Okito ni ndugu yangu. Ndugu yake ni ndugu yangu. Kesho kamyo ikiondoka, sitakwenda Kalima kwanza. Nitapita Kampene, hata kwa miguu, nikamwage udongo kidogo ku kaburi ya Octave. Halafu njo nitakwenda.»

Hélène alikuwa amefika asubuhi. Aliniangalia. Yeye alijua njia ya Kampene ni nini kwa kifua kile. Na mimi nilijua.

Nikasema: «Waziri, kaa. Hakuna kaburi. Hakuna Octave.»

Adolphine akauliza: «Kwa hiyo siku ine nimemuimbia nani?» Nikasema: «Hewa.» Akavua kiatu. Walimushika.

Yule mwanamuke wa kona alilia zaidi kuliko mbele, simuelewi mpaka leo.

Shefu wa kartye aliniuliza kwa nini. Mimi ninayo majibu elfu moja, unanijua. Nikayaacha yote. Nikaonesha kitambaa na kidole, nikasema: «Waziri anaondoka. Nilitaka tucheze mara moja, siye wawili.»

Shefu akasema: «Si ungesema tu?»

Basi! Miezi miwili! Moniteri ya blanketi tatu, ndege ya mizigo, muchele wangu wote, na jibu lilikuwa «si ungesema tu». Nilitamani kumupiga na ile moniteri. Mbuzi ya faini nitatoa, hiyo waliamua wazee, na Adolphine ataichagua mwenyewe. Lakini saa kumi na mbili kuran ilipokuja, shefu mwenyewe alichomoa antena kwa mukono wake. Akaweka waya ya mashini mu tundu yenye duara nyekundu. Nikawaambia sasa murudi kwenu. Wakasema: «Aa, mzee, ile hatuwezi.» Wakakaa wote, watu makumi munane, migongo ku ukuta.

Waziri alikuwa hajanisemesha. Alichukua kifundo chake. Akaangalia mbele. Kisha mabega yake yakaanza kutetemeka, nikafikiri ni kikohozi, kumbe anacheka. Akasema: «Nilimulilia, mujinga wewe. Nilimulilia kweli.»

Tukacheza. Mwenye kufika kumi na tano njo anachukua. Sikumuonea huruma, umwambie Hélène ukimuona. Alikwenda kumi, mimi sita. Nikafika kumi na moja. Mukono wake wa kuume ulichoka, akahamisha ku kushoto, na kushoto kule aliniumiza mubaya zaidi, mwizi yule. Kumi na tatu kwa kumi na tatu. Kumi na ine kwa kumi na ine. Imebaki moja, shemeki, moja tu ya maisha yote. Kampira kanakuja kwa upande yangu, juu, mu kona.

Kuran ikakatika.

Kioo kikawa cheusi. Waziri akaweka kifundo chini polepole. Akasema: «Bado moja.» Nikasema: «Bado moja. Masista wakikuachilia unakuja kuimaliza, ao utaniita Baba tangu kule Kalima.» Akasema: «Nitakuja. Usiguse ile mashini.»

Asubuhi kamyo iliondoka na godoro jipya, yeye juu yake kama mufalme. Mashini siigusi. Watu wanakuja jioni kama kawaida, wanaangalia habari zao, sina nguvu ya kugomba.

Michel usimuchekeshe sana, mufariji.

Okito

Shemeki, barua nilikuwa nimekwisha kuifunga, nimeifungua tena na kisu. Kitu kimoja nilibuni. Kuran haikukatika. Niliivuta ile waya ya umeme ku ukuta mimi, na vidole vya muguu. Ampuli, ile taa ya kuran, ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu tu, watu makumi munane wanaiona, Waziri anaiona, na Kindu hii ambamo mutu hawezi kufungua blanketi peke yake, hakuna hata mumoja alisema kitu. Ni shefu wa kartye tu. Aliangalia ile ampuli, akatikisa kichwa, akasema: «Ah, kuran yetu hii!»